Petro Alisoma Chuo Gani?

Ifuatayo ni hotuba ya mchungaji mmoja mstaafu, aliyoitoa mbele ya wazazi, wazee wa kanisa na vijana waliomaliza masomo ya sekondari. Twaichapa kwa kuwa wasomaji wengi wameuliza habari za masomo ya theolojia na kazi ya uchungaji.



Niliombwa nieleze habari za masomo ya elimu ya Mungu, nami nilikuwa nimekwisha kuandika hotuba yenye maneno makubwa makubwa. Lakini juma lililopita mama mmoja wa kanisa letu alinijia nyumbani, akaketi, akakataa chai, akaniuliza swali. Baada ya kuondoka kwake niliiweka ile karatasi kando. Alisema hivi: "Baba Mchungaji, mwanangu ameitwa na Mungu. Akihubiri watu wanalia. Mbona mwamwambia akakae darasani miaka mitatu? Petro alisoma chuo gani?"

Swali hilo si la dharau. Mama huyo ni mjane, na kijana wake ndiye amlimiaye shamba. Tena najua kwamba wengi wenu mlioketi hapa mnalo swali lilo hilo moyoni, ila hamkupenda kuliuliza mbele ya watu.

Basi nianze na Petro. Ni kweli alikuwa mvuvi, wala hakuwa na cheti. Lakini nani alisema kwamba Petro hakusoma? Alifuatana na Mwalimu wake muda ambao wengi huuhesabu kuwa miaka mitatu hivi. Alikula naye, alilala njiani naye, alisikia mafundisho akayafahamu vibaya, akauliza tena. Alisema maneno ya haraka akakemewa mbele ya wenzake. Aliahidi makubwa usiku, na kabla jogoo hajawika alikuwa amekwisha kumkana Bwana wake. Baada ya hayo yote ndipo alipoambiwa alishe kondoo. Mtu akiniuliza chuo cha uchungaji ni nini, nitamwambia kwamba ni mahali ambapo mtu hukosea mbele ya wenzake wanaoweza kumsahihisha, kabla hajakabidhiwa watu wasioweza kumsahihisha.

Katika nchi yetu jambo hili lina historia ndefu kuliko vijana wanavyodhani. Kule Mombasa, ng'ambo ya kisiwa upande wa kaskazini, kulijengwa katika miaka ya 1870 kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, kikaitwa Frere Town. Kengele yake ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni, nalo laitwa hivyo hata leo. Katika watu waliohudumu huko na Rabai walikuwamo William Jones na Ishmael Semler. Hao walikuwa wametekwa wangali watoto, wakaokolewa, wakapelekwa Bara Hindi, wakalelewa na kufundishwa na wamisioni karibu na mji wa Nasik. Walifika pwani yetu katika miaka ya 1860. Wakafundisha, wakatafsiri maneno ya wamisioni, wakahubiri, wakazika watu. Kazi yote ya kanisa waliifanya, isipokuwa ile iliyohitaji daraja. Walingoja karibu miaka ishirini. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa daraja la ushemasi, nao wakawa Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika nchi ambayo leo ni Kenya.

Mwaka huo huo Hannington alifunga safari ya kwenda Buganda kwa njia ya Umasai, naye alimchukua Jones. Walipofika Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao hamsini. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga, na watu wake wengi wakauawa pamoja naye. Jones aliketi akingoja, hata walipofika wachache waliopona wakamsimulia. Yeye ndiye aliyewakusanya wapagazi wenye huzuni na hofu, akawarudisha mwendo wa mamia ya maili mpaka Rabai, wakaingia katika Februari 1886. Alikuwa shemasi wa miezi michache tu. Napenda vijana wamfikirie mtu huyo kila wasikiapo kwamba uchungaji ni kusimama mimbarani na kupaza sauti. Mafunzo yake yalijaribiwa mahali pasipo na mimbari.

Mwaka 1903 shule ya kufundisha makasisi ilifunguliwa pale pale Frere Town. Mwaka 1930 ilihamishiwa Limuru, na watu wa pwani waliokwenda huko walijua kwa mara ya kwanza maana ya kusoma umejifunga blanketi. Katika mwaka 1949 Wapresbiteri na Wamethodisti walianza kushirikiana na Waanglikana katika kazi hiyo, na mwaka 1955 ushirikiano huo ulitiwa nguvu rasmi, chuo kikawa cha umoja. Leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, kilichopewa hati ya serikali mwaka 2007. Chuo cha Scott kule Machakos, kilichoanzishwa mwaka 1962, kilitangulia kupata hati yake mwaka 1997. Ndugu zetu Wakatoliki nao wana njia yao, tena ndefu kuliko yetu: sheria ya Kanisa lao yataka mwenye kuandaliwa upadre asome miaka sita kamili, isiyopungua miwili ikiwa ya falsafa na isiyopungua minne ikiwa ya theolojia. Kule Uganda seminari ya Katigondo ilifunguliwa mwaka 1911, na mapadre wa kwanza wa nchi ile, Bazilio Lumu na Victor Mukasa, walipewa upadre mwaka 1913. Hayo nayapita upesi, maana mama yule hakuniuliza habari za majengo wala tarehe. Aliuliza: huko ndani wanafanya nini?

Huko ndani, mama, wanasoma polepole. Hiyo ndiyo kazi kubwa. Mtu aliyezoea kulisoma Neno mbio, akichukua mstari huu na kuuacha ule, huambiwa aketi na mlango mmoja juma zima. Aliandika nani? Aliwaandikia watu gani, nao walikuwa na shida gani? Nitatoa mfano mmoja. Katika Injili ya Yohana, mlango wa tatu, Yesu anazungumza na Nikodemo usiku. Sisi katika Kiswahili twasoma habari za upepo, kisha twasoma habari za Roho, na twadhani ni mambo mawili yaliyowekwa karibu. Lakini katika Kiyunani neno ni moja tu, pneuma, nalo hubeba upepo na roho pamoja. Kiebrania nacho kina neno la namna hiyo, linalochukua upepo, pumzi na roho. Mtafsiri wa Kiswahili hana budi kuchagua, naye akichagua, kitu kimoja humponyoka. Nilipofundishwa jambo hilo nilikuwa nimekwisha kuhubiri mlango ule mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Usiku ule sikulala. Sikulala kwa furaha, na kidogo kwa aibu.

Wala msidhani kwamba Biblia yenyewe ilishuka katika Kiswahili tayari. Kabla ya mwaka 1952, ilipotoka Biblia nzima ya ile tafsiri ya umoja ambayo wazee wengi hapa wanaijua kwa moyo, kulikuwa na tafsiri ya Kimvita na tafsiri ya Kiunguja, na watu wa makanisa mbalimbali walisoma maneno mbalimbali. Watu waliketi pamoja wakabishana neno kwa neno. Kijana anayesimama leo na kusema, "Biblia yasema," na akumbuke kwamba maneno ayasemayo yamepita katika mikono ya watu waliosoma.

Sasa niseme jambo zito, nanyi mtanivumilia.

Mwaka 2023, katika pwani ile ile walikofanya kazi akina Jones na Semler, serikali ilifukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilizidi 400, na watoto wengi walikuwamo. Ilielezwa kwamba watu wale walifundishwa wafunge kula mpaka wafe, ili wakutane na Yesu. Mashtaka ni kazi ya mahakama, nami sitayagusa. Ninachouliza ni hiki: mafundisho ya namna hiyo yaliwezaje kuenea, nani alikuwa karibu wa kusema, "Hapana, hukusoma vizuri"?

Katika darasa lo lote la chuo cha theolojia, mwanafunzi akisema kwamba Mungu anataka mtoto afe kwa njaa, wenzake wangesimama kabla hajamaliza. Mmoja angefungua Isaya, mlango wa 58, ambapo nabii anawaambia watu wa Mungu kwamba mfungo umpendezao ni kumgawia mwenye njaa chakula. Mwingine angefungua Mathayo, mlango wa nne. Yesu alifunga siku arobaini, na baadaye aliona njaa. Injili haikuificha njaa yake. Tena katika habari hiyo hiyo, yule mjaribu naye anatumia Maandiko! Anamwambia ajitupe chini kutoka kinara cha hekalu, na anataja ahadi ya zaburi. Yesu hakumwambia kwamba zaburi ile ni ya uongo. Alimjibu kwa Andiko lingine. Fikirini jambo hilo, enyi vijana: mstari wa kweli waweza kutumiwa kumtupa mtu chini, na dawa yake ni kuijua Biblia yote, na kuisoma pamoja na watu wasiokuogopa.

Kwa hiyo mama akiniambia kwamba mwanawe akihubiri watu wanalia, nafurahi, lakini pia naingiwa na hofu. Mtu mwenye kipaji cha kuwaliza watu ameshika kitu chenye makali. Haifai apelekwe kwa watu kabla hajafundishwa kukishika.

Pengine mmoja wenu atasema: "Mchungaji, hata waliosoma wamekosa." Ni kweli, sitabisha. Nitawapa mfano mimi mwenyewe, usije ukaletwa na mwingine. Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini kule Rwanda ukaenea Uganda na mpaka kwetu. Mwaka 1941, katika chuo cha Mukono, wanafunzi waliokuwa na moto wa uamsho walikuwa wakiamka kabla ya kucha, wakisali na kuwahubiria wenzao. Mkuu wa chuo alikataza. Wakakataa kuacha. Wanafunzi 26 wakafukuzwa, na mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye hakupata daraja maisha yake yote, na hata hivyo akawa mhubiri aliyesikilizwa katika nchi nyingi. Wengine husimulia habari hiyo ili kuonyesha kwamba vyuo huzima Roho. Mimi nikiisoma naona hasara ya pande mbili: chuo kilipoteza moto, na vijana wale walipoteza chuo. Ningalipenda mkuu yule angeamka nao mara moja tu alfajiri akawasikiliza. Nao vijana, nadhani, wangaliweza kungoja jua lichomoze.

Basi elimu haimpi mtu wito. Haimfanyi mtu kuwa mtakatifu. Kama mtu ni mwizi, akitoka chuoni atakuwa mwizi ajuaye Kiyunani. Hii ndiyo sababu vyuo vyema havimpokei mtu kwa vyeti vyake peke yake. Hutaka barua ya kanisa lake, kutoka kwa watu wanaomjua anavyolipa deni na anavyosema na mama yake.

Tena si vitabu tu. Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa hospitalini kila juma kuwazuru wagonjwa. Siku moja nilimkuta mama aliyefiwa na mtoto wake usiku uliotangulia. Nikasimama karibu na kitanda, nikamwambia kwa sauti ya upole kwamba ni mapenzi ya Mungu. Mama yule akageuza uso wake kuelekea ukutani. Sikujua nifanye nini, nikasali kwa haraka, nikaondoka. Jioni tulipokutana, kila mmoja alisimulia aliyoyaona, nami nilisimulia yangu. Mwalimu wetu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza neno moja tu: "Umejuaje?"

Sikuwa na jibu. Yeye hakunihubiria. Aliniambia nirudi kesho yake, nisiseme kitu, nichukue kiti. Nikarudi. Nikaketi karibu saa nzima bila kusema. Mwishowe mama yule alinitajia jina la mtoto wake. Tangu siku ile nimezika watu wengi, watoto kwa wazee, na sijapata kumwambia mfiwa maneno yale tena. Kama chuo kisingenifundisha kitu kingine cho chote, ningeona kwamba miaka yangu haikupotea. Na kama ningalijifunza jambo hilo bila chuo, ningalilijifunza kwa kuwaumiza mama wangapi?

Siku hizi hufundishwa mambo mengine ambayo sisi hatukuyapata: hesabu za fedha za kanisa, jinsi ya kumsaidia mtu mwenye ugonjwa wa akili au aliyepigwa nyumbani kwake, na habari za dini za jirani zetu, ili mchungaji asimseme vibaya Mwislamu ambaye hajapata hata kuketi naye. Kujua hesabu za fedha, nasema wazi mbele ya wazee, kungaliokoa makanisa kadha ninayoyafahamu.

Wasichana nao wasidhani kwamba nimewasahau. Mwaka 1982 Nyambura Njoroge, aliyekuwa amesoma Limuru, alikuwa mwanamke wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Butere, mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa la Anglikana la Kenya. Kuna mabinti hapa wanaoweza kuifanya kazi hii kuliko kaka zao. Wazazi wao wanajua, hata kama hawasemi.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nisilale tangu mama yule aondoke.

Kumpeleka kijana chuoni ni kazi ya kanisa zima, lakini mara nyingi mzigo huachwa kwa watu wawili au watatu nyumbani. Nilipokwenda chuoni mimi, nilikuwa nimeoa na tulikuwa na watoto wawili. Kanisa lililonituma liliahidi mbele ya watu, kwa vigelegele, kwamba litampelekea mke wangu mahindi na kumsaidia shamba wakati wa palizi. Mwaka wa kwanza mahindi yalikuja mara moja. Mwaka wa pili hayakuja. Mke wangu alilima peke yake, mtoto mgongoni, na katika barua zake hakuniambia kitu, kwa kuogopa nisiache masomo. Nilijua niliporudi likizoni nikaona mikono yake. Sitaji kanisa hilo. Wazee wengi wa wakati ule wamekwisha kulala, na wengine walinijia baadaye kuomba radhi. Lakini nasema kwamba nilisoma habari za upendo wa ndugu katika Kiyunani, huku mke wangu akikopa chumvi.

Zamani kanisa au wamisioni walilipa karo. Leo wanafunzi wengi hujilipia wenyewe, au huchangiwa na jamaa, na wengine hufanya kazi mchana na kusoma jioni. Hilo si baya, ila lina hatari yake: mtu aliyejilipia kila kitu kwa jasho lake huweza kutoka akidhani kwamba hana deni kwa mtu ye yote, na kwamba kanisa atakaloongoza ni mali yake. Kanisa lisilotaka kuchangia mafunzo ya mchungaji lisishangae likipata mchungaji asiyekubali kuulizwa.

Vijana watakaotaka kuuliza habari za maombi ya kuingia chuoni, vyeti vinavyotakiwa na tofauti ya diploma na digrii, nitakuwa nje chini ya mti baada ya mkutano huu, nami nitakaa mpaka mmalize. Njoni na maswali yenu yote, hata yale ya shaka. Mtu mwenye shaka hakatazwi kusoma theolojia. Aogopwaye ni yule asiyekuwa na swali hata moja.

Mama yule, nilipokwisha kumweleza habari za Petro na habari za mgonjwa wangu hospitalini, alinyamaza kitambo. Nilidhani atabisha tena. Akafunga leso yake vizuri, akasimama, akasema: "Nimesikia, Baba. Aende. Lakini nani atanilimia?"

Yeye yupo hapa leo, ameketi nyuma karibu na mlango. Wazee wa kanisa nao wapo, safu ya mbele. Mvua zakaribia, na shamba lake ni ekari moja na nusu. Bwana Mwenyekiti, mimi nimekwisha kusema. Naomba sasa mzee mmoja asimame amjibu.